Mdomo Uliojaa Asubuhi

Kwetu mtu humeza kwanza, jina lake hufuata.

Dirisha lipo mwisho wa barabara, upande wa Asubuhi, kwenye ukuta mweupe usio na mlango. Ni dogo. Ukisimama mbele yake, aliye ndani haoni macho yako wala paji la uso. Anaona mdomo tu, na mkono unaopokea kikombe. Ndani ya kikombe kuna dawa, maji mazito kidogo, matamu juu na machungu chini. Wenye elimu wanaiita methadoni. Sisi tunaiita asubuhi, kwa sababu asiyeinywa, kwake hakuchi. Ukishakunywa, Sista Apolinaria anasema neno moja kutoka ndani: "Sema." Nawe unasema jina lako. Anataka kuhakikisha hukuificha dawa shavuni, maana mdomo uliojaa hausemi. Lakini sisi tunaopanga foleni tunajua kuna zaidi ya hapo. Jina likitoka mdomoni linakuvaa. Unatembea nalo mpaka jua lizunguke, kisha linakwisha, unarudi mtupu, unakunywa tena, unasema tena.

Nimejiuliza mara nyingi: mtu anayepewa nafsi yake kwa kikombe kila siku, huyo ni wa nani? Ni wake mwenyewe, au ni wa mkono unaoshika kikombe? Na kama ni wa mkono, wale wasiokunywa, wanaoamka na majina yao vitandani kama watu wanaoamka na meno yao, wao walipewa na nani? Labda nao wana dirisha lao, ila hawalioni.

Swali hilo sijamuuliza mtu. Mimi siulizi. Sauti yangu tangu utoto ni ya kujificha.

Mtaa tunakolala unaitwa Jana. Huko jua limesimama saa za alasiri na halishuki. Vivuli vya watu ni virefu, vimelala upande mmoja kama vimechoka kuwafuata wenyewe. Hewani kuna unga mweupe unaoanguka polepole, na kila aliyefika huko aliufuata huo unga. Mwanzo unaanguka kiganjani, mtu anacheka. Halafu unaanguka usoni. Halafu hauachi kuanguka, na baada ya muda nyuso zote zinafanana. Mama hamjui mwana, ndugu hamjui ndugu. Na siku unga ukikosekana, mwili unaudai: mifupa inavutwa, pua inatiririka, tumbo linajikunja kama nguo inayokamuliwa. Hiyo ndiyo arosto. Mwenye arosto hana jina hata moja. Mwite jina lolote atageuka, ilimradi umeshika kitu mkononi.

Rafiki yangu, aitwaye Sikudhani, ndiye aliyenitoa huko akanionyesha Dirisha. Alinishika mkono njia nzima, kwa sababu barabara ile haina urefu wake yenyewe. Mwili ukiwa mzima ni hatua chache tu, ukiwa mgonjwa inarefuka, hata mti ulioupita unauona unakuja tena mbele yako. Tulipofika nikanywa. Sista akasema, "Sema." Nikashindwa. Nilisimama na machozi badala ya jibu, kama nilivyokuwa nikisimama darasani kabla sijaacha kwenda. Sikudhani akaniinamia sikioni.

"Sema tu, shoga. Hakuna anayekuona. Ni mdomo wako tu unaoonekana."

Nikanong'ona: Mwantumu.

Jina lilirudi kama mtu aliyesafiri, limekonda, lina vumbi, lakini lilikuwa langu. Sikudhani alicheka na kupiga makofi. Yeye mwenyewe hakuwa na mtu wa kumpigia makofi. Aliokotwa mtoto, akalelewa mlango huu na mlango ule, na jina lake alipewa na mwanamke aliyefungua mlango akamkuta kibarazani, akasema, sikudhani. Hilo likawa jina.

Sasa yeye ndiye aliyelala. Mguu umemvimba hadi gotini, homa haishuki, hawezi kusimama. Asubuhi nyingi zilipita bila yeye. Nilimwacha mkekani akitetemeka, unga ukimwangukia usoni naye hana nguvu ya kuupangusa, nami nikaenda foleni nikiwa na wazo ambalo sikulipa jina, ili nisije nikaulizwa.

Foleni siku ile ilikuwa na maneno. Mbele yangu alisimama Chande, mtu mrefu mwenye mzaha, ambaye hata arosto humtoka kwa vicheko.

"Sista," akaita kitunduni, "yule Sikudhani wetu hawezi kutembea. Nipe yake nimpelekee. Miguu yangu mirefu, itafika kabla haijapoa."

"Dawa haitumwi kama maandazi, Chande," Sista akajibu kutoka ndani. "Aje mwenyewe. Mbebeni."

"Tumbebe na nini? Mimi mwenyewe nabebwa na suruali."

Watu wakacheka. Sista hakucheka.

"Nisikilizeni wote. Aliyekaa muda bila dawa, mwili wake umesahau. Akinywa kikombe kizima cha mwenzake atalala, na hataamka. Kila mtu kikombe chake, kinajua kimo chake. Haya, kunywa. Sema."

"Chande bin Matata bin Usinichokoze."

"Chande."

"Chande, basi. Sista hupendi ukoo wangu."

Nikabaki mimi. Mkono wangu ukapokea. Nikamimina dawa mdomoni, na koo langu nikalifunga kama mlango.

"Sema."

Nikatikisa midomo. Haikutoka sauti.

"Mwantumu huyo," akasema Sista, na nikasikia anatabasamu. "Siku zote unanong'ona kama unayeniibia. Ipo siku utasema nikusikie. Haya, mwingine."

Hivyo ndivyo aibu yangu, iliyonitesa tangu nizaliwe, ilivyogeuka siku moja ikawa pazia. Nikaondoka na asubuhi mdomoni.

Mtu hajui ni mara ngapi dunia humtaka aseme mpaka siku atakapojaza mdomo. Mwanamke mwenye ndoo akaniambia, "Habari za huko?" Nikainua mkono. Mzee akanikoholea kunikumbusha adabu. Hata ndege, niliona, aliponiimbia alisubiri jibu. Dawa ililegea kwenye ulimi, utamu ukaisha, uchungu ukabaki, mate yakazidi kuongezeka kama kisima. Nikafikiri: kumbe maneno ndiyo kodi ya kuwa hai. Anayenyamaza watu humpita kana kwamba hajafika. Na mimi niliyenyamaza maisha yangu yote bila kitu mdomoni, nilikuwa nimebeba nini? Nilikuwa nampelekea nani?

Palepale barabarani, mahali Asubuhi inapoishia na Jana haijaanza, nilimwona mwanamke amesimama. Kila aliyepita, mwanamke huyo alimsogelea, akamtazama mdomo, akamuuliza, akamwachia. Kanga yake ilikuwa ile ile. Au ilikuwa nyingine ya rangi ile ile, maana miaka imepita, na kanga hazina uaminifu huo. Lakini mkono ulioshika pindo la kanga ulikuwa mmoja tu duniani.

Mama.

Magoti yangu yakakunjika yenyewe, kama yalivyofunzwa. Shikamoo yangu ilikuwa ya magoti tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akiyajibu magoti. "Unatoka huko? Nisaidie. Namtafuta binti yangu. Nyuso zenu siwezi kuzitambua, msinilaumu, huu unga umewafanya wote mapacha. Kwa hiyo nauliza majina. Wewe ndiye Mwantumu?"

Dawa ilijaa mpaka nyuma ya meno.

"Ndugu zangu wamechoka," akaendelea, kwa kuwa sikumjibu, na watu humwambia aliyenyamaza mambo ambayo hawamwambii anayesema. "Wanasema mtu asiyeonekana miaka yote hii amekufa, na aliyekufa bila kuzikwa hulaani nyumba. Wamekata mgomba. Shina liko uani, limefungwa sanda, limelazwa kama mtu. Jua likigeuka wanauzika kwa jina la mwanangu, na mimi nitaketi nipewe pole kwa ajili ya mgomba. Nimewaambia, nipeni leo. Leo tu. Nimpate, au nirudi nikalie." Akanitazama mdomo. "Sema basi, mwanangu. Hata ukisema siye."

Sema.

Neno lile lile la Dirisha. Nikitema dawa mchangani na kumwambia mimi ndiye, nitakuwa na mama, na Sikudhani atakufa mkekani. Nikinyamaza, uani kwetu watafukia mgomba wenye jina langu, na mtu ambaye jina lake limezikwa sijui huwa anatembea na nini. Nilitaka mdomo wa pili. Nilitaka kuwa wawili, mmoja aende, mmoja abaki. Nikavuta pumzi kwa kwikwi, na koo, ambalo halijui hoja, likafunguka. Nusu ya dawa ikateremka. Nusu nikaizuia kwa ulimi, machozi yakinishuka hadi kwenye midomo iliyofungwa.

Mama akayaona machozi. Akakunja pindo la kanga, akalilowesha kwa mate yake, akasogeza mkono kwenye uso wangu. Kisha akasita.

"Nisikupanguse bure, nikamkuta mtoto wa mwenzangu," akasema. "Samahani, mwanangu. Nimekufananisha."

Nikampita. Hata sasa sijui miguu yangu iliagizwa na nani.

Sikudhani alikuwa bado anapumua. Nikampigia magoti, nikaweka mdomo juu ya mdomo wake kama njiwa anayelisha kinda, nikamimina ile nusu. Akameza. Akafumba macho. Baada ya kitambo mtetemeko ukapungua, vidole vikafunguka. Nami kwa mazoea tu, kwa ujinga wa watu wa Dirisha ambao hawajui tena kumeza bila kuulizwa, nikamwambia:

"Sema."

Na yeye, kwa mazoea yale yale, akatafuta jina lililokuja na dawa. Ile dawa ilimiminwa kwa ajili yangu. Ilikaa mdomoni mwangu njia nzima. Ilipita mbele ya mama yangu.

"Mwantumu," akasema.

Tukatazamana. Nilitaka kucheka. Yeye alicheka kidogo, midomo yake imepasuka.

"Zuri jina lako," akasema. "Lina joto."

Ndipo tukasikia sauti mlangoni.

"Hodi. Hodi wenyewe. Humu hamna Mwantumu?"

Sijui ni nini kilichojibu. Labda ni dawa. Labda ni njaa ya mtoto wa kibarazani ambaye milango yote ilimfungukia kwa mshangao, na sasa kwa mara ya kwanza mtu amebisha akimtaka aliye ndani. Sikudhani aliinua kichwa chake kwenye mkeka.

"Yumo," akasema. "Mimi."

Mama hakuingia, alianguka ndani. Alikwishakuwa juu ya mkeka kabla sijasimama. Akalowesha pindo la kanga, akampangusa Sikudhani paji la uso, macho, mashavu, na kila alipopangusa unga mwingine ulianguka, naye akapangusa tena, akisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu yalikuwa yangu. Mengine niliyajua. Alikuwa akiniambia hayo nikiugua surua.

Sikudhani alinitazama juu ya bega la mama. Macho yake hayakuwa ya mwizi. Yalikuwa ya mtu aliyeshika tawi katikati ya mto, akiona kwamba tawi ni mkono wa mwenzake.

Mdomo wangu sasa ulikuwa mtupu. Hilo nataka lieleweke. Hakuna kilichonizuia. Ningesema, Mama, ni mimi hapa, na angegeuka. Angegeuka na kumwachia yule aliye mkekani, polepole, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha kitu alichochukua kimakosa. Kisha angenipeleka nyumbani kwa miguu yangu mizima. Na Sikudhani angebaki na mguu wake, na unga ungeendelea kuanguka, na mara hii angejua pia mama anafananaje.

"Mwanangu, mguu huu! Huwezi kutembea. Panda."

Mama akampa mgongo.

Mgongo wa mama ni mmoja. Nimewaza mengi kuhusu nafsi, na jina, na nani mwenye kikombe. Lakini mambo yote niliyowaza yalifika kwenye mgongo ule ulioinama yakasimama. Anayeweza kutembea hapandi.

Nikamsaidia Sikudhani kupanda. Nikamfunga na kanga ya pili, nikakaza fundo kifuani mwa mama yangu. Mkono wangu ulisikia moyo wake ukienda mbio.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Na wewe ni nani?"

"Jirani," nikasema.

"Alama hizo za machozi nazijua: wewe ndiye uliyenipigia magoti barabarani. Kumbe una sauti." Akapimapima mzigo wake mgongoni. "Amekuwa mwepesi, huyu. Lakini atashiba."

Wakaondoka. Kutoka Jana hadi nyumbani kwa mama sijui ni umbali gani. Vivuli vyao viwili vilikuwa kimoja, kimelala upande ule ule, kisha kikakosekana.

Mgomba haukuzikwa. Nilisikia baadaye kwamba waliufungua sanda wakawatupia ng'ombe.

Kulipokucha, yaani mwili wangu uliponiambia kwamba huko Asubuhi kumekucha, nilikwenda foleni na arosto imenishika mifupa. Mbele yangu alikuwa Chande, na mbele ya Chande alikuwa mama yangu na mzigo wake.

"Sista," akasema mama kwenye kitundu, "mwanangu ana homa, hajala vizuri. Mpunguzie leo."

"Vema umesema. Nitampa robo, na mguu huo niuone kabla hamjaondoka. Kunywa. Sema."

"Mwantumu," akasema Sikudhani.

"Ehee!" Sista akafurahi. "Leo nimekusikia! Mama yako kakuletea sauti."

Chande aligeuka akanitazama. Akamtazama Sikudhani mgongoni. Akanitazama tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa mzaha. Zamu yake ilipofika alisema jina lake moja tu, bila ukoo, akaondoka akitazama chini.

Nikafika mimi. Mkono wangu ukapokea kikombe kabla sijajitaja, kama inavyokuwa siku zote.

"Ngoja," akasema Sista. "Mwantumu keshapita. Huyu ni nani?"

Lilikuwapo jina moja tu ambalo halikuwa na mtu asubuhi ile.

"Sikudhani," nikasema.

"Sikudhani! Ulipotelea wapi, binti yangu? Umekaa muda mrefu. Rudisha hicho kikombe." Nikarudisha. "Sasa tunaanza upya, kutoka chini. Kidogo kidogo. Utaumia kwanza, nakwambia ukweli. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akanipa tone la asubuhi, la kuonja tu. Nikameza. Nikasema tena. Jina lilinivaa. Lilikuwa jina la mtu aliyekutwa kibarazani, na niliisikia baridi yake mgongoni.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Kila siku mama huja na Sikudhani, ambaye ni Mwantumu, kwanza mgongoni, siku hizi kwa fimbo. Huja na chupa ya uji wa ulezi, wenye pilipili manga, kama ninavyoupenda. Huketi kwenye benchi lililo chini ya ukuta wakisubiri mguu ufungwe bandeji. Juzi, mama alipokwenda kuosha vikombe, Sikudhani aliniita kwa ishara.

"Nimwambie leo?" akanong'ona. Amejifunza kunong'ona, kama mimi. "Usiku silali. Ananifunika shuka lako. Nikimwambia leo utakwenda naye."

"Mguu umepona?"

Akautazama. "Bado."

"Basi bado."

"Na ukipona?"

Hilo silijui. Labda ukipona ataweza kusimama mwenyewe na kunirudishia. Labda kufikia hapo jina litakuwa limeota mizizi kwake, na kuling'oa itakuwa kumwua. Labda hakuna jina la mtu. Kuna majina tu, na watu wanaoyahitaji sana au kidogo, na sisi tunapokezana kama kikombe kile ambacho Sista anakisuuza na kumpa mwingine. Nikiwaza hivyo najisikia mwenye hekima. Kisha mama anakohoa, na hekima yote inakwisha.

Leo aliporudi na vikombe alikuta uji umebaki. Akaniona nimeketi mwisho wa benchi, nimejikunyata, maana dozi yangu bado ni ndogo na arosto hunikaa mifupani mpaka mchana. Akamimina uji kikombeni, akaupulizia, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Jirani ni ndugu."

Nikanywa. Aliningoja nimeze, kama Dirisha. Unga wa Jana sasa umepungua usoni mwangu, lakini haujaisha. Alinitazama kwa muda, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo.

"Na wewe," akasema, "una mama?"

Mdomo wangu ulikuwa mtupu. Sikudhani aliinamia fimbo yake.

"Ninaye," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Huja hapa kila asubuhi."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukafurahi kwelikweli kwa ajili yangu. "Akija nionyeshe, nimsalimie." Akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akaanza kumtafuta kwenye foleni, uso baada ya uso.